Mwache Amalize Kwanza

Tumemzika shangazi yangu Bi Sauda siku ya Ijumaa, na tangu hapo sijasikia habari nyingine matangani isipokuwa jicho lake. "Marehemu alikuwa na jicho," anasema huyu, na mwenzake anaitikia, "Jicho na mkono. Ukiingia sebuleni kwake ulikuwa unasahau kilichokuleta." Mmoja anakumbuka mapazia, mwingine kuta, mwingine mkeka mkubwa ambao yeye mwenyewe hakuuona, alisimuliwa na mama yake. Mimi nimekaa pembeni na kikombe cha chai iliyopoa, nimeuma meno. Najua maiti hasemwi. Lakini mkono wanaousifu haukuwa wa Bi Sauda. Shangazi hakuwahi kusuka hata kawa ya kufunikia wali. Juzi nilimpigia simu mwenye mkono huo, Salima, aliko Kitaya, nimpe habari za msiba. Akasema, "Inna lillahi. Mungu amsamehe." Kisha akaniuliza kama huku mjini mvua imeshaanza, maana kwao mihogo inanyauka. Nilitaka amlaani, hata neno moja tu, ili nami nipate pa kuanzia. Hakunipa. Nilikata simu nikiwa nimemkasirikia na yeye. Basi nitasema mimi.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimekuja Mtwara mjini kujifunza cherehani, na nikafikia kwa shangazi. Nyumba ilikuwa ya vyumba vinne na ukumbi katikati, na nyuma kulikuwa na ua wenye mpapai na jiko la kuni. Sebule ilipakwa rangi ya mafuta, kijani nusu ya chini, maziwa nusu ya juu, kama zahanati. Kulikuwa na makochi yenye vitambaa vya kufumwa, kabati la vyombo visivyotumika, na maua ya plastiki yaliyokunywa vumbi. Shangazi aliichukia sebule ile. Alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja, Swalehe, karani bandarini, kijana mpole, mzuri wa sura, anayepita akiacha harufu ya manukato mlangoni. Na alikuwa ameshatamka mbele ya wenzake kwamba siku Swalehe atakapooa, watu watakaoingia sebuleni mwake watanyamaza kwanza ndipo waseme bismillahi. Alikijua anachokitaka. Namna ya kukipata ndiyo aliyokuwa haijui, mpaka asubuhi moja alipokuwa akitoka sokoni, mimi nyuma yake na kapu, akasimama ghafla mbele ya nyumba ya tatu kutoka kwetu. Juu ya ua wa makuti kulikuwa kumeanikwa mkeka mmoja mdogo wa kuswalia.

Sijui niueleze vipi. Ulikuwa mwekundu, mweusi na manjano, na mistari yake haikutulia: ukiutazama kutoka kulia unaona meno, ukienda kushoto yale meno yanakuwa njia, na katikati njia zinakutana na kufumba kama jicho. Msichana mrefu mwembamba alikuwa anapeta mchele kibarazani. Shangazi hakumsalimu hata. "Huu mmenunua wapi?" akauliza. Msichana akainuka, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, mama. Hatukununua. Nimesuka mimi." Shangazi akaugeuza mkeka, akautazama kwa nyuma, akaugeuza tena. "Michoro hii umefundishwa wapi?" "Nyumbani, Kitaya." "Na wewe umeposwa?" Msichana akacheka akidhani ni utani. Haukuwa utani. Alikuwa Salima, amekuja mjini kumuuguza mke wa mjomba wake, na kabla mgonjwa hajapata nafuu shangazi alikuwa ameshampelekea mjomba kishika uchumba, na Swalehe alikuwa ameshaletwa kibarazani pale kunywa maji ambayo hakuwa na kiu nayo.

Desturi haitaki mchumba ashinde kwa mama mkwe. Shangazi aliizunguka desturi kwa neno moja. "Njoo uizoee nyumba yako," alimwambia, na kila siku alilirudia: nyumba yako, mwanangu, hii ni nyumba yako, ipambe unavyotaka ukae mwenyewe. Salima akaja. Ukindu uliletwa kwa matita kutoka bonde la Ruvuma, tukauchana uani, tukauchemsha kwenye madebe: debe la nyekundu, debe la zambarau, debe la kijani, na debe la nyeusi ambayo Salima hakuikubali ya dukani, aliikoroga mwenyewe kwa mizizi na tope. Mchanga wa uani ukawa na madoa, kuku wakatembea na miguu myekundu, kamba za nguo zikajaa ukindu uliolowa kama nywele za majini. Mchana tulikula kwenye sinia moja, wali wa nazi na changu, vidole vyetu vikiwa vya zambarau mpaka kwenye viungo, na shangazi akitucheka, "Kuleni na rangi hivyo hivyo, mtazaa watoto wa mistari." Tulicheka sana. Nikikumbuka kicheko kile leo natamani kukirudisha kooni.

Salima hakuishia kwenye mikeka. Rangi ya zahanati aliikwangua kwa kipande cha panga, akakoroga udongo mwekundu, chokaa na masizi, akazungushia kuta zote nne mkanda wa michoro, si juu, ila pale ambapo jicho la mtu aliyekaa chini linafika. Mapazia nilishona mimi kwa vipande vya kanga na vitenge, lakini kipi kiketi karibu na kipi alipanga yeye. Alikuwa anaweka kijani karibu na zambarau, rangi ambazo mimi ningeapa hazipatani, na asubuhi jua likipita unaona zimepatana kuliko ndugu. Nilimuuliza michoro anaitoa wapi. Alinitajia: huu mgongo wa kenge, hii njia ya kaa akikimbia kwenye tope la mikoko maji yakikupwa, haya meno ya mamba. Alikulia mto unapoelekea kukutana na bahari, na alikuwa anaangalia chini anapotembea, basi. "Mingine ni ya Bibi," alisema. Nikamuuliza, "Bibi yako naye anasuka?" "Hasuki," akajibu, "anayo." Sikuelewa, na yeye alikuwa na ukindu mdomoni, hakuendelea.

Jioni Swalehe akirudi kutoka bandarini alikuwa anapitia uani kwanza. Alikuwa anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anamshikia Salima ncha ya ukiri, ule utepe mrefu wa kusukwa ambao baadaye hushonwa ubavu kwa ubavu ukawa mkeka, na wanazungumza chinichini. Mara moja nilimsikia akimwambia, "Hapa katikati weka kitu changu." Salima akamuuliza kitu gani, yeye akasema chochote, mradi yeye akijue. Kwa hiyo msiniambie kwamba Swalehe hakuwa anajua alichokuwa anashika mkononi.

Mkeka mkubwa wa sebuleni ulikuwa umefika zaidi ya nusu, umetandikwa sehemu iliyokwisha kushonwa, wakati bibi yake Salima alipokuja kutoka Kitaya kuwaona wakwe. Shangazi alikuwa amewaalika wanawake watatu wa mjini, rafiki zake, washuhudie. Nilimfungulia mlango mimi. Alikuwa bibi mfupi, amejifunga kaniki mpya, kichwani ana kikapu cha ming'oko, vile viazi vya porini, na samaki wakavu. Jina lake Rukia, au Lukia kama alivyojiita mwenyewe, maana ulimi wake wa Kimakonde haukuwa na habari na r. Na uso wake wote ulichanjwa nembo. Kutoka kwenye paji mpaka kidevuni, mistari ya buluu iliyoiva ikawa nyeusi, midogo midogo, imepangwa safu kwa safu: mashavuni meno, kwenye pua njia, na katikati ya paji zile njia zinakutana na kufumba kama jicho. Mdomo wa juu ulikuwa na tundu pale ilipokaa ndonya, pambo la mdomoni, zamani. Nilisimama pale mlangoni sijui nimkaribishe au nimtazame.

"Mkwe," alimwambia shangazi, anacheka, mikono miwili mbele, "nimekuja kuona mtoto wangu alipofika." Niliona uso wa shangazi ukifunga. Sekunde tu, kisha akatabasamu. "Karibu, bibi. Sebuleni kuna joto. Uani kuna upepo." Sebuleni kulikuwa na feni. Akapelekwa uani, akatandikiwa jamvi kuukuu tulilokuwa tunaanikia muhogo. Wanawake watatu wa mjini walikaa ndani juu ya mkeka wa Salima, wakapelekewa pilau kwenye sinia la shaba. Bibi Lukia alipakuliwa kwenye bakuli la bati lililobanduka rangi, na shangazi ndiye aliyepakua. Ming'oko yake akaisukuma kwa mguu chini ya meza ya jikoni. Salima alikuwa anaosha vikombe. Aliona yote. Akaweka kikombe chini, akaenda kukaa kwenye jamvi lile, akanawa, akala na bibi yake ndani ya bakuli moja.

Upepo ukainua pazia la mlango wa nyuma, na Bibi Lukia akauona mkeka sebuleni. Akaacha kutafuna. Kisha akaziba mdomo kwa kiganja, akacheka mpaka machozi. "Mwoneni huyu mtoto! Kanisuka!" Akanivuta mimi niliyekuwa nimesimama na jagi, akashika kidole changu akakiweka shavuni mwake. "Hapa," akasema, akaonyesha ukingo wa mkeka. Akakipeleka kwenye paji. "Na hapa. Umeona? Tulichanjwa ng'ambo ile ya mto, tukiwa wasichana. Mama alinishika kichwa. Nikalia, akaniambia nyamaza, ndiyo sula yako inakuja hiyo." Chini ya kidole changu vijituta vya ngozi vilikuwa kama mshono wa ukiri. Salima alikuwa anamtazama kwa aibu ya mtu aliyefumaniwa na zawadi kabla hajaifunga.

Nikapeleka maji ya kunawa sebuleni. Sikuwa nimefika, nilikuwa nyuma ya pazia nililoshona mwenyewe. Sauti moja ikasema, "Ndiyo bibi wa biharusi huyo? Yule Mmawia wa ng'ambo ya mto?" Ya pili ikasema, "Sasa Bi Sauda, wajukuu wako watatoka na nyuso gani?" Wakacheka kile kicheko cha kufunika mdomo kwa kanga. Nilimngoja shangazi awakemee. Alisema, "Acheni. Nimeshajua la kufanya." "Na mkeka?" "Haujaisha. Na ukuta ule mmoja bado. Mwache amalize kwanza." Kisha, kwa sauti tamu, "Somoe! Maji ya kunawa, mwanangu!"

Nimeishi miaka mingi tangu siku ile. Nimetukanwa, nimesengenywa na mume wangu mwenyewe, nimesikia maneno ya kila namna. Hakuna yaliyonikaa kama yale matatu. Kama angemfukuza Salima jioni ile ile, ningemwita mjinga, mwenye kiburi cha mjini, ningemsamehe labda. Lakini mwache amalize! Waliutaka mchoro ukiwa sakafuni, wauweke chini ya makalio yao. Ukiwa usoni mwa mwenyewe, wakauita ushenzi. Na wanawake wawili kati ya wale watatu walikuwa na bibi zao waliotoka bara, naapa, wenye nembo zile zile, wakiwafungia vyumbani kila mgeni akija.

Nilimwambia Salima jioni hiyo hiyo, tulipokwisha kumsindikiza bibi yake. Sikumficha hata neno. Hakulia. Alisema, "Nitamuuliza mwenyewe," na Swalehe alipoingia uani akamuuliza mbele yangu. Swalehe alikuwa anatafuna korosho. "Wallahi, Salima," akasema, mdomo umejaa, "hayo ni maneno ya wanawake. Mama ndivyo alivyo. Anayeoa ni mimi au ni mama?" Akacheka, akakaa juu ya ndoo, akanyoosha mkono ashike ukiri. Salima akamtazama muda mrefu, kisha akampa.

Akamaliza. Ukuta wa mwisho, ukiri wa mwisho, mshono wa mwisho. Shangazi alimpa chai ya maziwa na maandazi siku ile, akamshika mikono yote miwili, akasema Mungu ambariki. Haikupita wiki akamtuma mwanamke kwa mjomba kusema kwamba zimeangaliwa nyota za watoto na hazipatani. Ni bahati mbaya, hakuna wa kulaumiwa. Swalehe alikuwa amesafiri kwenda Lindi, kikazi, ndivyo tulivyoambiwa. Salima alirudi Kitaya na furushi la nguo zake. Na kazi iliyompeleka Swalehe Lindi ilikuwa na jina: binti wa mfanyabiashara mmoja, ambaye mimi sina ugomvi naye mpaka leo, hakujua kitu.

Siku ya harusi mambo yalikuwa kama shangazi alivyotabiri. Wanawake waliingia sebuleni wakanyamaza. Wakatazama kuta, wakatazama mapazia, wakatazama chini, wakavua viatu bila kuambiwa, ndipo wakasema bismillahi na kukaa. Nilikuwa napitisha sinia la visheti. Mama mmoja mgeni kutoka Lindi akapitisha kiganja juu ya mkeka taratibu, kama anambembeleza mtoto, akauliza, "Bi Sauda, kazi hii ni ya nani?" Shangazi akarekebisha bangili zake. "Ah," akasema, "mtu unajitahidi mwenyewe."

Nikaweka sinia chini. "Inukeni," nikasema. Walidhani nataka kufagia. "Inukeni jamani, naomba mkeka." Nikaenda kwenye ncha ya ukutani nikaanza kukunja. Wa mbele wakainuka kwa mshangao, mmoja mnene akachelewa, nikamngoja mpaka akajikokota kwenye saruji. Nje tarumbeta zinalia. Shangazi akanijia karibu, meno yamefungana. "Somoe, una wazimu? Nakuomba. Watu wanaona." "Wacha waone, shangazi," nikasema, na sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. "Wamekalia uso wa Bibi Lukia. Yule uliyemlisha uani kwenye bakuli la bati. Aliyeusuka ni Salima, uliyemwita mwanangu." Chini ya mkeka kulikuwa na saruji tu, yenye ufa mrefu. Nikaubeba kichwani nikatokea mlango wa mbele, nikapita katikati ya wapiga tarumbeta, na hakuna aliyenizuia, kwa sababu nadhani uso wangu nao siku ile ulikuwa hautazamiki. Nilipata lori la mizigo linalopitia Ziwani, na kabla jua halijatua nilikuwa Kitaya.

Bibi Lukia hakuniuliza kitu. "Kalibu. Tua mzigo," alisema, akanipa ugali wa muhogo na kisamvu. Mkeka akautandika mwenyewe kivulini, mbele ya jiko. Salima alirudi kutoka shambani, akauona, akaniona mimi, akachukua ndoo akaenda mtoni.

Siku chache baadaye ikaja gari ya kukodi. Akashuka shangazi, na bangili zake zote, na nyuma yake Swalehe, bwana harusi, anatazama viatu vyake. Bibi Lukia alikuwa amekaa mkekani, anachambua mboga. "Kalibu, mkwe," akasema. Mkwe! Bado alimwita mkwe. "Sikuja kukaa," shangazi akajibu. "Nimekuja kuchukua mkeka wangu. Ukindu nilinunua mimi. Rangi nilinunua mimi."

"Kweli kabisa," akasema Bibi Lukia. "Ukindu wako, langi yako. Utachukua, hakuna atakayekuzuia. Lakini mgeni hasimami. Kwako mimi nilikaa uani; kwetu hapa mgeni tunamweka hapa." Akapiga mkeka kwa kiganja, pembeni yake. "Kaa, mkwe. Kaa kwanza."

Shangazi akatoa kisigino kwenye kiatu. Akasimama hivyo, mguu mmoja nusu ndani nusu nje. Bibi Lukia alikuwa ameinua uso anamtazama, mchana kweupe, hatua moja tu, na niliona macho ya shangazi yakitoka kwenye uso ule yakaenda mkekani, yakarudi usoni, yakaenda tena, mstari kwa mstari, mpaka kwenye paji pale njia zinapofumba. Midomo yake ilicheza. Nilisubiri atamke neno. Dunia nzima ningempa kwa neno moja. Akarudisha kisigino ndani ya kiatu. "Swalehe," akasema, "twende." Swalehe akabaki nyuma kidogo, akaita, "Salima..." Salima alikuwa kwenye kinu. Mchi haukusimama. Swalehe akaenda.

Hakurudi kuufuata mkeka, na hakuomba radhi. Aliishi miaka mingi baada ya pale. Nilimtembelea kila Idi, kwa sababu damu ni damu, nikanywa chai yake, na hakuwahi kulitaja jambo lile, mpaka Ijumaa tukamfukia nalo.

Vumbi la gari lilipotulia Bibi Lukia akasema, "Haya, leteni ufuta uanikwe, jua lisitupotee." Tukaleta magunia, tukamwaga ufuta juu ya mkeka ule. Salima akapiga magoti upande mmoja, mimi upande wa pili, tukawa tunautandaza kwa viganja. Nilikuwa naongea. Nilimtukana shangazi, nikamtukana Swalehe na korosho zake na wallahi yake, nikawatukana wale wanawake watatu, na Lindi yote. Salima aliniacha niseme. Viganja vyake vilikwenda na kurudi, meno yakafunikwa, njia zikafunikwa.

"Nilikuwa nampenda lakini, Somoe," akasema.

Mwaka mzima tulikuwa tumezungumza ukindu, rangi, nyota, nasaba. Shangazi hakuwahi kumuuliza hilo, wala mjomba, wala bibi yake, wala mimi niliyevuka njia yote ile na mkeka kichwani. Bibi Lukia aliacha mboga zake, akaja akakaa nyuma yake, akamwekea mkono mgongoni. Salima aliendelea kutandaza ufuta mpaka haukubaki mstari hata mmoja unaoonekana, ndipo akalala chini pale pale, shavu juu ya ufuta, akalia.